Jogoo mwekundu, mtetea mwekundu, vifaranga weupe: jinsi nilivyomwita Gaspari mwizi

Heshima zenu wakuu. Wakubwa wangu kama mmo humu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaamkia.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi. Sikusimuliwa kwenye kahawa. Nikifika mahali nimesahau nitasema nimesahau, na nilipofanya ubaya nitasema nilifanya, maana bila hivyo uzi huu hauna kazi.

Mnivumilie lakini. Naandika kwa kidole kimoja, jicho la kushoto lina ukungu, na shule niliacha darasa la tatu pale Ujiji baada ya mwalimu kunichapa kwa kosa la kaka yangu. Hiyo habari nyingine.

Kilichonifanya niandike ni uzi wa juzi. Kijana mmoja alisema aliacha jogoo na mtetea kwa jirani, wote rangi ya kahawia. Wametotolewa vifaranga, na baadhi ni weupe. Anauliza, je, jirani amembadilishia kuku?

Komenti zikamiminika. Umepigwa mkuu. Kamata huyo. Mwingine akaandika kwamba DNA haidanganyi.

Nilisoma, nikazima simu, nikatoka nje nikakaa na kuku wangu. Nikarudi nikawasha. Bado mlikuwa mnamhukumu yule jirani.

Basi ngojeni niwaambie habari ya Gaspari.

Mwaka tisini nilikuwa Kigali, naishi Muhima, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Nyabugogo. Nilikuwa nauza kuku hai. Naenda vijijini nanunua, nawaleta ndani ya matenga, watu wa mabaa na wa maharusi wananunua kwangu. Wanyarwanda walikuwa wananiita Ramazani, sisi kwetu ni Ramadhani, lakini nilishazoea. Mpaka leo mtu akiniita Ramazani najua ananifahamu tangu Kigali.

Kuku wa biashara ni kuku wa biashara. Huwapi majina. Lakini nilikuwa na wawili wangu mwenyewe.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipa Ujiji nilipokwenda kumsalimia. Jogoo mwekundu, ule wekundu wa shaba iliyosuguliwa, mkia mweusi. Na mtetea rangi ya ganda la karanga. Wote miguu myeupe, misafi, kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Aliniambia hawa ni ukoo mmoja, wametoka kwa kuku wa bibi yako, usiwachanganye ovyo.

Nilisafiri nao kwenye kapu siku mbili. Abiria walinitukana njia nzima kwa ajili ya harufu.

Mnaona nilivyo? Naanza kueleza kuku, naishia kwenye basi. Turudi.

Muhima hapakuwa na nafasi. Nyumba zimebanana, mlango kwa mlango, ukikohoa uani jirani anakwambia pole. Mtetea alikuwa akitaga, mayai yanakanyagwa au yanaliwa. Hakuwahi kuatamia hata mara moja. Nikaona ukoo wa mama utaishia kwenye kikaango.

Wenyeji wana desturi wanaita kuragiza. Una ng'ombe au mbuzi au kuku, huna mahali pa kumweka. Unampelekea mtu unayemwamini amfuge. Mzazi anabaki wako, watoto mnagawana. Maziwa au mayai yanayobaki ni haki ya mfugaji. Hamwandikiani karatasi wala hakuna shahidi. Jina la yule mtu ndiyo karatasi.

Na Kagugu, wakati huo ni mashamba na migomba, si majumba mnayoyaona leo, kulikuwa na mtu anaitwa Gaspari. Kazi yake ilikuwa hiyo. Shamba lake lilikuwa dogo kama mkeka, lakini mbuzi, kuku, hata ndama wa watu walijaa kwake. Watu wa mjini walikuwa wanamwachia mifugo kama mtu anavyoacha viatu mlangoni, bila kugeuka nyuma.

Alikuwa mfupi, mkimya, anapiga mluzi kupitia pengo la jino, na kuku wote wanakuja. Mke wake aliitwa Verediyana. Yeye ndiye mwenye maneno. Watoto hawakubahatika.

Gaspari alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mtu mwingine. Kuku wako akifa, kwa ugonjwa au kwa mwewe, hakwambii tu kwamba amekufa. Anakata miguu yake, anaikausha juu ya moshi, anakutunzia. Ukija anakupa. Huyu wako, miguu yake hii. Kwa sababu kila mwenye kuku anaijua miguu ya kuku wake.

Nilicheka siku ya kwanza aliponieleza. Nikamwambia, "Gaspari, na ng'ombe akifa utaniletea kwato?"

Akasema, "Ng'ombe siwezi kuficha, Ramazani. Kuku ndiyo rahisi kusema imekufa na kumbe iko kwenye sufuria."

Nikamwachia jogoo na mtetea wangu. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na moja. Vita vilikuwa vimeshaanza huko mpakani tangu mwaka uliotangulia, mjini watu wanakaguliwa vitambulisho, kila mtu anamtazama mwenzake usoni muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha mgeni, wananiangalia, wananicheka Kinyarwanda changu, napita.

Mtetea akaatamia. Nilikwenda kuwaona vifaranga wakiwa na siku chache. Wengine walikuwa na michirizi ya kahawia mgongoni, wengine wamepauka tu. Sikutilia maanani. Nani anaangalia rangi ya kifaranga wa siku tatu? Nikanywa chai ya Verediyana, nikarudi zangu Muhima.

Biashara ikanishika. Ikapita kama miezi minne ndiyo nikapanda tena Kagugu kwa ajili ya kugawana.

Walikuwa nane. Gaspari akapiga mluzi, wakaja.

Watano wekundu kama wazazi wao.

Watatu weupe pee. Weupe kama shati la Jumapili. Wawili kati ya hao weupe walikuwa na miguu ya manjano, manjano kweli kweli, kama imechovywa kwenye bizari. Na mmoja wa wale wekundu naye miguu ya manjano.

Wakuu, nilisimama pale damu ikanipanda kichwani.

Mwendo wa nusu saa kutoka kwake kulikuwa na kituo cha masista, wanafuga kuku wa mayai. Weupe. Miguu ya manjano. Kila mtu Kagugu alikuwa anawajua. Na kituo hicho hakikuwa na jogoo hata mmoja, walikuwa mitetea watupu, kwa hiyo huwezi kusema jogoo wao aliruka ua.

Nikapiga hesabu yangu ya darasa la tatu. Baba mwekundu. Mama mwekundu. Miguu yao myeupe. Mtoto mweupe mwenye miguu ya manjano ametoka wapi? Amenunuliwa. Wangu wameuzwa, nimewekewa hawa wa bei ya chini wajaze idadi.

Nilimwuliza. Hakunijibu haraka. Gaspari hakuwa mtu wa kujibu haraka, na mimi ule ukimya wake nikausoma vibaya.

Kisha akasema, "Ramazani, hizi kuku zimetoka kwa mayai ya kuku yako. Mi niliona na macho yangu. Kwa nini ziko nyeupe, mi sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Nilikuwa nangoja wewe uje uniambie, zile ni za kwenu."

Hilo neno nalikumbuka kila siku. Zile ni za kwenu. Yeye alifikiri mimi mwenye ukoo ndiye nitakayejua.

Sasa hapa ningeweza kuchukua kuku wangu nikaondoka kimya. Ningeweza kwenda kumwuliza mtu anayejua. Sikufanya hivyo. Mimi nilikuwa muuza kuku, wakuu. Watu Muhima walikuwa wananiita kuwachagulia kuku. Nilijiona najua kuku kuliko Mungu aliyewaumba.

Jumapili nilipanda tena Kagugu, nikangoja watu watoke misani. Gaspari na mkewe walikuwa Wakatoliki wa kweli, hawakosi. Konseye, ndiyo kama diwani, alikuwepo. Nikamwomba anisikilize palepale kwenye uwanja wa kanisa. Nilikuwa nimekuja na jogoo na mtetea kwenye kapu, na wale watatu weupe nimewafunga miguu, wote nilishawachukua siku ile ya kugawana.

Nikawaweka chini wote. Nikawaambia watu tazameni wenyewe.

Nilisema vizuri siku ile. Laiti ningekuwa na kigugumizi. Niliwaonyesha jogoo, nikawaonyesha mtetea, nikawainua wale weupe mmoja mmoja kwa miguu, wenye ile ya manjano kwanza. Nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona mbuzi anazaa kondoo.

Watu wakacheka. Mmoja akasema labda mtetea wa Ramazani alikwenda kusali kwa masista. Wakacheka zaidi. Hata konseye alicheka kidogo, akaficha mdomo na kofia.

Gaspari alisimama na koti lake la Jumapili. Verediyana alikuwa anazungumza haraka haraka, Kinyarwanda cha hasira ambacho nusu yake sikuelewa, anawataja kuku mmoja mmoja, siku waliyototolewa, yai gani lilichelewa. Hakuna aliyemsikiliza. Mke wa mtu atasema nini?

Konseye akamwambia Gaspari ajitetee.

Akasema, "Sikuiba."

Basi. Hilo tu.

Nikamwambia mbele ya watu, kwa lugha yao ili kila mtu asikie, wewe ni umujura. Mwizi. Nikabeba jogoo na mtetea wangu. Wale vifaranga nane nikasema siwataki, baki nao wewe, ule na mkeo.

Nikashuka kilima nimenyoosha kifua.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi mpaka leo, maana mimi nilidhani nimemwadhibu kwa kuku nane. Sikufikiria habari ya jina.

Wiki hiyo hiyo mwenye mbuzi mmoja akaenda kuchukua mbuzi wake. Kisha mwingine. Hawakumtukana. Walisema tu wamepata mahali pa karibu zaidi. Mwenye ndama akaja. Wenye kuku wakaja na matenga. Mpaka mvua za mwaka tisini na tatu ua wa Gaspari ulikuwa mtupu, umebaki na vifaranga wale wale ambao sasa walikuwa kuku wakubwa. Haya niliyasikia Muhima kutoka kwa watu waliokuwa wakinisifu. Kwamba nimewafungua macho.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nyabugogo, mchana, amebeba gunia la mkaa kichwani, mkaa wa mtu mwingine. Uso wote umekuwa mweusi, sikumtambua mpaka aliponiita.

"Ramazani. Kuku zako ziko. Njoo uchukue."

Nikageuza uso kama sijasikia. Nikajifanya naangalia ndizi za mama mmoja. Hata bei nikauliza. Nilipogeuka alikuwa ameshaendelea na mzigo wake.

Ngojeni kwanza niweke miwani vizuri.

Haya.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nne nilikuwa nimepata chumba kingine hapo hapo Muhima, kina kiua chake, nimekizungushia mabati marefu kupita kichwa. Jogoo wangu alikuwa mzee, kucha zimepinda. Mtetea naye mzee, lakini akataga mayai saba, akakaa. Nikamwacha.

Sasa sikilizeni. Ua ule nilikuwa naufunga kwa kufuli. Hakuna kuku mwingine aliyeingia. Mayai niliyatia alama kwa mkaa mwenyewe. Siku ya ishirini na moja nilikuwepo, wakatoka sita mikononi mwangu.

Mmoja alikuwa amepauka tofauti na wenzake. Nikamwangalia, nikaondoa macho.

Wiki zikaenda. Manyoya yakaanza kusukuma nje.

Yalikuwa meupe.

Nikaanza kutoangalia miguu yake. Ni kweli, wakuu, nilikuwa namwaga chakula nimetazama ukutani. Lakini huwezi kuishi na kuku kwenye ua wa hatua tano usione miguu yake. Ilianza kama rangi ya unga wa dona, ikakolea kila siku.

Kulikuwa na daktari wa mifugo, mwanamke, anaitwa Goreti, alizoea kununua kuku kwangu kwa ajili ya nyumbani. Nilimwita ndani ya ua. Sikumwambia habari ya Gaspari. Nilimwuliza tu kama inawezekana.

Alimshika yule kifaranga, akamwangalia jogoo, akamwangalia mtetea. Akaniuliza hawa wawili wana undugu? Nikamwambia ndiyo, kuku wa mama, wote wa bibi mmoja.

Akasema basi hapa hakuna ajabu.

Jirani yangu alikuwa anauza maharage barazani. Goreti akaomba kiganja kimoja, akachuchumaa chini. Akachukua haragwe jekundu na haragwe jeupe, akayaweka pamoja. Akasema kila kuku anabeba mbegu mbili za rangi ya manyoya, moja amepewa na baba, moja na mama. Nyekundu ina nguvu. Kuku akiwa na nyekundu moja na nyeupe moja, wewe utaona kuku mwekundu. Nyeupe imekaa ndani, kimya, haionekani.

"Jogoo wako anayo moja imejificha," akasema. "Mtetea wako anayo moja imejificha. Kila mmoja anampa mtoto mbegu moja, bila kuchagua. Mara nyingi angalau mmoja wao anatoa nyekundu. Lakini siku baba akitoa nyeupe na mama akatoa nyeupe, mtoto atafanya nini?"

Akayasogeza maharagwe mawili meupe pamoja kwa kidole.

Na miguu? Akasema miguu ni hivyo hivyo, ila ni mfuko mwingine. Mguu mweupe una nguvu, wa manjano unajificha. Mifuko hiyo miwili haingojani, ndiyo maana unaweza kupata mweupe wa miguu myeupe, au mwekundu wa miguu ya manjano. Na manjano inahitaji majani na mahindi ili ikolee. Kijijini kwenye majani mengi, akasema, ungewaona wanang'aa.

Nikamwambia nimewaona.

Akauliza wapi. Nikamweleza yote. Nilipomaliza hakunigombeza. Aliinuka, akajikung'uta magoti, akasema, "Wekundu watano na weupe watatu. Ningekuwepo mimi ningemwambia konseye ndivyo inavyotokea."

Kisha akasema, "Nenda, muzee." Na mimi sikuwa mzee wakati huo.

Kuna kitu kingine kibaya zaidi. Alipoondoka nikakumbuka. Kwa bibi yangu Ujiji, mimi mdogo, walikuwepo weupe. Kila mara wanatokea mmoja wawili. Na bibi alikuwa anawachinja wa kwanza akija mgeni, kwa sababu mwewe anawaona upesi. Ndiyo maana ukoo wote tuliuona mwekundu, sisi wenyewe tulikuwa tunawaondoa weupe na kuwala. Nimekula miguu ile ya manjano na wali, nikiwa na miaka sita! Ilikuwa ndani ya kichwa changu siku ile uwanjani, na sikuitafuta.

Basi nikaamua kwenda. Lakini vipi?

Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo ilibidi nimwombe radhi mbele ya watu. Kwa wenyeji huwezi kwenda kumnong'oneza mtu kwenye migomba wakati ulimpakaza kanisani. Hilo nililijua. Na hilo ndilo lililonichelewesha, wakuu, aibu. Nilijiona nimesimama pale tena, watu wale wale, na safari hii wananicheka mimi.

Jumapili moja ikapita. Nikasema inayofuata ni Pasaka, nisiwaharibie sikukuu. Ukweli ni kwamba Pasaka watu ni wengi zaidi.

Nikasema Jumapili baada ya Pasaka. Nikamtengea yule kifaranga mweupe kikapu. Nikamwomba jirani kiganja cha maharage, mekundu na meupe, nikayafunga kwenye kitambaa. Nilifanya mazoezi ya kusema mbele ya jogoo.

Wanaoijua Kigali wanajua kwamba Jumapili hiyo haikufika. Jumatano usiku ndege ya rais ilidunguliwa.

Sitaeleza Aprili. Wapo waliokuwa ndani yake na wanaeleza wao, mimi mgeni nilifungiwa siku kadhaa nikatolewa na wenzangu wa Tanzania, nikavuka mpaka kuingia Ngara nikiwa na shati moja na kitambaa cha maharage mfukoni. Kuku wote nyuma. Kwenye vizuizi niliwaona watu wanaangaliwa. Kadi, kisha uso, kisha kadi tena. Mtu anaangaliwa pua, anaangaliwa urefu, anaulizwa baba yako ni nani. Nami nimesimama kwenye mstari na karatasi yangu ya mgeni. Nilikuwa najua yale macho. Nilishayatumia.

Basi tuyaache hayo.

Nilirudi Septemba. Nikapanda Kagugu kwa miguu, asubuhi, njia nzima sikukutana na mbuzi hata mmoja.

Nyumba ya Gaspari ilikuwa na nusu ya paa. Verediyana alikuwa amekaa nje anachambua majani ya maharage. Alikuwa amebaki peke yake. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza, na akanijibu kwa kunionyesha upande wa bonde kwa kidevu. Aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote Kagugu.

Nilikaa chini. Kitambaa cha maharage kilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Ngara.

Akanitangulia yeye.

"Umekuja kuchukua kuku?"

Nikasema, "Ndiyo."

Wakuu, nimeandika uzi wote huu ili nifike kwenye hilo neno. Nilikuja kuomba radhi, nikaulizwa swali, nikajibu ndiyo. Ulimi ulichagua njia fupi.

Akainuka. Akaenda chini ya mti wa parachichi, akapiga mluzi. Hakuwa na pengo, mluzi wake haukuwa kama wa Gaspari, lakini akashuka mtetea mmoja mweupe, miguu ya manjano, mkali kama ndege wa porini. Alikuwa analala juu kabisa, ndiyo maana hawakumpata.

Akanikabidhi. Kisha akaingia ndani, kwenye ile nusu yenye paa, akatoka na kitu kimefungwa kwa nyuzi za migomba.

Ilikuwa miguu ya kuku. Jozi tano, imekaushwa juu ya moshi.

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma. Hawa wanne walikufa kwa mdondo mwaka jana. Huyu alichukuliwa na mwewe, wakampata nusu. Wawili waliliwa na watu waliokuja Aprili, hao miguu yao sina, utanisamehe. Na huyo mmoja uliyemshika. Nane.

Mayai walikuwa wakila, akasema, kwa sababu mayai ni ya mfugaji. Lakini Gaspari alikataa waatamie, eti Ramazani hajatoa ruhusa. Hata walipokosa chumvi hakukubali auzwe mmoja. Alikuwa anasema atakuja. Atakuja tu, kuku ni wake.

Niliigeuza ile miguu mkononi. Nilikuwa natafuta ya manjano ni ipi na myeupe ni ipi. Yule mwekundu mwenye miguu ya manjano, au hata mmojawapo wa wale weupe niliowainua mbele ya watu, nilitaka kumjua.

Haikuwezekana. Moshi ulikuwa umeifanya yote rangi moja.

Nikashuka kilima na mtetea kwapani. Nilirudi kwa Verediyana mara nyingi baada ya hapo, na chumvi, na mchele, na mabati manne ya kuezekea. Kila safari nikasema leo. Akaja kuhamia kwa dada yake mkoani, na miaka michache baadaye nikasikia amefariki. Sikumwambia kamwe habari ya maharage ya Goreti. Goreti mwenyewe sikumwona tena. Uwanja ule umejengwa. Konseye sijui alikoishia, na waliocheka siku ile, wengi hawapo.

Kwa hiyo sina mahali pa kusimama isipokuwa hapa.

Gaspari wa Kagugu hakuiba kuku. Jogoo alikuwa wangu, mtetea alikuwa wangu, na weupe walitoka kwa bibi yangu. Mimi Ramadhani wa Ujiji nilisema uongo juu yake mbele ya watu, na yeye alisema kweli kwa neno moja.

Wewe kijana wa juzi, mwenye vifaranga weupe. Kabla hujamfuata jirani yako, waatamishe hao hao wazazi kwako, funga mlango, ungoje. Ikiwa umeshamwita mwizi, usingoje Jumapili. Nenda sasa hivi, na simu uiache.

Wataalamu wa kuku mliomo, nirekebisheni kama maharage nimeyaeleza vibaya. Wa kunitukana mnitukane, nitasoma yote, polepole. Na kama yumo mtu wa Kagugu ambaye baba yake au mama yake alikuwa uwanjani siku ile akaenda kuchukua mbuzi wake kwa Gaspari, naomba aandike hapa chini kwamba amesikia.